Unene wa Shilingi

Kigae cha kwanza kilitoka bila kupigwa.
Fundi Nyiro alikigusa kwa ncha ya mwiko
kikamwangukia kiganjani kama kilichokuwa kikimngoja,
na nyuma yake ukuta ulikuwa uji.

"Nani aliyewajengea bafu hili?"
Sikumjibu. Nilishika ndoo.

Kwetu Kibokoni, ghorofani, kuta tatu ni za matumbawe na chokaa,
babu alizikuta,
na kila mwezi wa saba hutoka jasho la chumvi.
Wa nne aliupachika ndugu yangu Twalibu
mwaka ule mama alipoteleza ngazini:
mbao za jipsamu, nyeupe, nyepesi,
alizipandisha mmoja mmoja, amezikumbatia kama magodoro.

"Jipsamu na maji," fundi akasema, "ni sukari na chai.
Havigombani. Kimoja hutoweka tu."

Tukabomoa. Vumbi likatuingia hadi kwenye meno.
Mama, kitandani, kila baada ya muda:
"Mwavunja nini tena?"
"Bafu, mama."
"Bafu la Twalibu?"
Nikaenda kumwaga ndoo ambayo haijajaa.

Juu, karibu na dari, maji ya shawa yasipofika,
ubao ulikuwa mkavu. Na palikuwa na maandishi,
ya ile penseli bapa ya seremala
aliyoisahau sikioni hata akienda msikitini:

     sm 92 kwa 61
     vigae 87, na vya kuvunjika 6
     Mwengo ananidai 300
     dawa ya mama saa mbili USISAHAU

Saba yake ilikuwa na mkato kiunoni.

Fundi alikuwa ameshainua nyundo.
Nikamshika mkono. Mwanamume nisiyemjua, nikamshika mkono.
Akasoma polepole, midomo ikienda,
akashusha nyundo, akaomba msumeno,
akakata chini ya neno la mwisho
na pima maji ikakubali.

Chini akasimamisha ubao wa saruji,
wa kijivu, mzito, tulioununua Mwembe Tayari.
Sasa ukuta mmoja, vitu viwili:
kimoja hunywa unyevu, kimoja hakinywi,
na joto la Machi haliwazi sawa juu yao.
Nilidhani atavibananisha.
Aliniomba shilingi. Akaisimamisha kati yao,
akaiburuta ncha hadi ncha, nafasi isizidi hapo, isipungue.

"Usipoziba ufa..." nilianza, kwa utani.
"Aliyesema hivyo hakujenga bafu.
Hivi haviendi mwendo mmoja. Vikigusana vitasukumana,
na atakayepasuka ni kigae, asiye na kosa."

Akaujaza ufa kwa saruji ya vigae,
akalaza utepe wa wavu, nusu huku, nusu kule,
akaukandamiza kwa bapa la mwiko
mpaka vijicho vyake vyote vikafumba.
Pembeni, ubao ulipokutana na tumbawe,
saruji hakuitaka kabisa. Alitia silikoni,
akailainisha kwa kidole kilicholowa sabuni,
hivi unavyompaka mtoto mchanga mafuta.

Ikabaki dawa ya kuzuia maji, ya buluu, mara mbili.
Alipofika juu, brashi ikasimama.
"Hapa je?"
Nilitazama ile saba.
"Paka," nikasema. Nikatoka nje.

Jioni nilimpelekea Mwengo mia tatu zake.
Akazihesabu, akakuna kidevu,
akasema zilikuwa mia nne.
Nikalipa. Twalibu hakuwa mwongo,
lakini Mwengo ana watoto wengi.

Baada ya siku tatu tulifungua maji.
Nikamkalisha mama kwenye kigoda, nikamwogesha.
Yalishuka kigae kwa kigae, hayakuuliza njia.
Akapitisha kiganja ukutani, mara mbili, akasema
vigae vya kwanza vilikuwa vizuri zaidi.

Saa mbili usiku nikajikuta mlangoni kwake
na glasi ya maji mkononi na tembe kwenye kisahani.
Saa sikuwa nimeiangalia.